Barua Aliyopoteza Kitwana

Goma, Mabanga, tarehe 10 Julai 1975

Yaya Télesphore,

Nakusalimu, kaka yangu. Sisi hapa ni wazima, isipokuwa miguu ya mzee wetu Papa, ambayo bado inavimba kila jioni. Muuguzi wa dispansari anampa vidonge viwili kila asubuhi, na amesema asiviache hata siku moja. Tangu aliposhuka kutoka Masisi wakati wa Pasaka, amekuwa akikaa mlangoni kwangu juu ya sanduku la sabuni, kwa sababu viti vyangu viwili ni vya chini na akivikalia hawezi kuinuka. Mtu aliyekuwa katekista miaka ishirini na sita, wageni wanakuja kumwamkia, wanamkuta kwenye sanduku. Niliona haya. Ndiyo sababu jana nilikwenda Kashihe.

Labda unapakumbuka. Ukishapita Sake unapanda, kisha njia inagawanyika, na hapo kila nyumba ina kazi yake ya mikono. Upande wa juu wa barabara ni vyungu, upande wa chini ni mianzi: viti, vitanda vya watoto, vitunga vya kuku. Watu wa Goma wanakwenda asubuhi, wananunua, wanarudi kabla ya giza. Nilikwenda na Aziza, jirani yangu, katika lori la mume wake Kitwana, mtu wa Maniema. Huyo anapeleka chumvi na sabuni Masisi na kurudi na maharage. Barua za watu wa huko anazibeba pia, bila malipo. Anaziweka katika mfuko wa shati na kufunga kifungo, na anajisifu kwamba kwa miaka tisa hajapoteza hata moja. Aziza anasema akipoteza moja itabidi waoane upya, maana hatakuwa tena mtu yule.

Aziza alitaka vyungu. Alivigonga kimoja kimoja kwa kidole apate kusikia sauti, mpaka mama mfinyanzi akachoka.

"Mama, unabisha hodi? Hakuna mutu ndani."

"Minabisha nijue kama mwenyewe ameamuka," Aziza akasema. "Hiki bado kinalala. Nipe kile."

Alichukua vitatu. Mimi nilinunua mkeka na vikapu viwili, ambavyo sikuwa nimevipanga. Pale mtu hawezi kupita akitazama miguu yake tu.

Mtengeneza viti anaitwa Mulumeoderhwa, Mushi kwa kabila, wa upande wa Bukavu. Hana kiti kilicho tayari. Ukimwendea bila kipimo cha mwenye kukikalia anakurudisha. Aziza alikuwa ameniambia mapema. Kwa hiyo Jumapili mchana, Papa alipolala chali baada ya chakula, nilichukua kamba ya mgomba nikainyoosha pembeni yake: fundo kwenye kisigino, fundo kwenye goti, kwenye nyonga, kwenye bega, na la mwisho juu ya kichwa. Kwa kamba ya pili nilipima mabega. Nilizuia pumzi kama mwizi. Hakutikisika.

Mulumeoderhwa aliilaza kamba chini akaizunguka. "Huyu muzee ni murefu," akasema. "Kichwa pia kitataka pa kuegemea. Anakaa sana?"

"Anakaa siku nzima."

"Basi si kiti unaniomba. Ni nyumba."

Wiki tatu. Kitwana atakileta.

Nilitaka Papa asijue mpaka siku hiyo, lakini yeye hadanganyiki. Niliporudi jioni aliniuliza: "Fundi amesema lini?" Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Niliiona kamba." Nilicheka, nikamwambia wiki tatu. Akasema wiki tatu zinatosha, akaingia ndani. Leo amekuwa kimya kutwa. Nadhani amefurahi na hataki kuonyesha.

Andika. Jumapili baada ya misa anauliza habari zako kila mara.

Mdogo wako,
Donatille

*

Goma, 13 Julai 1975

Mutoto wangu Télesphore,

Ninaandika kwa mukono wangu, kwa sababu habari hii si ya kupita kwa watu wengi. Barua ninamupa Kitwana, naye atatafuta mutu wa ndege wa kukufikishia.

Jumapili iliyopita dada yako alinipima. Alifikiri nimelala. Alianza kwenye kisigino, akapanda, akafunga fundo juu ya kichwa, kisha akapima mabega. Ni vile nilivyofanya mimi. Unakumbuka: mutu akifa kwenye vilima, katekista ndiye aliyepima na kupeleka kamba kwa seremala wa misioni, saa sita kwa miguu, na sanduku lilirudi kesho yake kichwani mwa watu. Wakati wa mvua kubwa, daraja likikaribia kuchukuliwa na maji, kulikuwa na familia zilizoniomba nipime mapema, mugonjwa akiwa angali anapumua. Nilifanya hivyo mara nne. Nilingoja walale. Mama Apolline alifungua macho. Nilimwambia ninapima mukeka. Aliniangalia, kisha akafumba tena macho.

Sina hasira na Donatille. Alikwenda kwa fundi Jumatano. Aliporudi nilimuuliza lini, akacheka, akasema wiki tatu. Nafikiri alicheka kwa uchungu. Niliwaona watu wakicheka hivyo.

Naona muganga wa dispansari amewaambia ninyi neno ambalo mimi hakuniambia. Kwa hiyo vidonge nimeviacha. Kila asubuhi ninavificha mukononi, nampelekea muzee wa nyumba ya pili, yeye bado ana safari.

Ninakuuliza kitu kimoja. Wewe ndiye mukubwa. Kazi ile haikufanywa kamwe bila ruhusa ya mutoto mukubwa. Mimi mwenyewe nilikuwa ninauliza kwanza. Je, uliruhusu? Ukisema ndiyo, sitauliza tena, nitakwenda kulala Masisi karibu na mama yenu. Ukisema hapana, nitakaa nimuulize Donatille uso kwa uso. Kabla ya neno lako sitamuuliza, nisimulazimishe kunijibu kama mimi nilivyomujibu Apolline.

Nitangoja mpaka wiki tatu ziishe.

Baba yako,
Paul

*

Lubumbashi, 25 Julai 1975

Mdogo wangu Donatille,

Barua yako ilinichekesha, hasa Aziza na vyungu vyake. Umefanya vizuri kuhusu kiti. Ningependa kumwona Papa ameketi kama chifu, watu wa Mabanga wakipita na kumwamkia.

Hapa ni kazi tu. Kampuni imebadilisha wakubwa mara mbili mwaka huu, na sisi wa ofisi ya wafanyakazi tunaandika upya faili zote, kila mtu na jina lake jipya la uraia badala ya la ubatizo. Kwenye bahasha usiandike tena Télesphore. Andika jina la kadi, la sivyo watu wa mapokezi wanasema hawamjui mtu huyo.

Papa pia ameniandikia. Zéphirin, mwenzangu wa ofisi aliyekuwa Goma kwa likizo, alipewa barua na Kitwana wako, akaniwekea mkononi tarehe 19. Iko juu ya kabati, sijaifungua. Unazijua barua zake: kwanza salamu, kisha kwa nini sikuja kumzika Mama, kisha kwa nini sijaoa. Nitaifungua nikiwa na moyo wa kumjibu. Usimwambie hivyo. Mwambie nina kazi nyingi, na huo si uongo.

Kiti kikifika nieleze alivyokikalia.

Kaka yako,
Télesphore

*

Goma, 3 Agosti 1975

Yaya,

Barua yako ilifika jana. Kiti kilifika Jumatano, tarehe 30. Papa aliondoka Jumanne, tarehe 29.

Nakueleza kama ilivyokuwa. Asubuhi nilikwenda sokoni kwenye meza yangu. Niliporudi saa nane, mkeka wake ulikuwa umekunjwa na kufungwa. Koti la Jumapili amempa mzee wa nyumba ya pili. Vitabu vyake vya misa vilikuwa mezani na kikaratasi: "Vya watoto wa Donatille." Mimi nilichoandikiwa ni mstari mmoja: "Nimekwenda nyumbani, usinifuate na gari la watu." Alipanda lori la wachungaji lililokuwa linarudi tupu, akaketi nyuma, pale ng'ombe wanaposimama. Kwa miguu ile.

Ijumaa, Jumamosi na Jumapili alikuwa akiniuliza kila jioni kama kuna barua kutoka Lubumbashi. Nilimwambia una kazi nyingi. Siku ya Jumatatu hakuuliza.

Nimejitazama nione nilipokosea. Labda ni chakula. Labda ni kelele za huku. Nilimuuliza Aziza kama walimkosea neno, akakasirika na mimi siku nzima. Kitwana alipokiteremsha kiti aliniuliza, "Muzee iko wapi?" Nikasema ameshaondoka. Alisimama amekishika. Akasema, "Basi minakirudisha kwenye gari?" Nilimwonyesha pa kukiweka. Kiko ndani, kimefunikwa na shuka.

Nimemwuliza muuguzi. Anasema Papa alikuwa akija kuchukua vidonge vyake kama kawaida.

Alikuandikia. Ifungue hiyo barua, Yaya, uniambie mimi nilimfanyia nini.

Donatille

*

Lubumbashi, 11 Agosti 1975

Donatille,

Barua yako imefika leo saa nne. Nimefungua ya Papa nikiwa nimesimama. Kesho kuna mtu wa ofisi anapanda ndege, kwa hiyo naandika haraka.

Hukumfanyia kitu. Anaamini ulimpima kwa ajili ya sanduku la kuzikia. Kamba na mafundo, kisigino mpaka kichwa, kisha mabega: ndivyo alivyokuwa akipima wafu wa Masisi, na wengine aliwapima kabla hawajafa, wakiwa wamelala. Sisi tulikuwa watoto. Mimi nilimwona akitoka na kamba zaidi ya mara moja. Ulipoandika habari ya kamba ningeweza kukumbuka. Nilisoma nikacheka.

Aliniuliza kama niliruhusu. Alisema nikijibu hapana, atabaki na kukuuliza wewe mwenyewe. Aliningoja mpaka mwisho wa wiki zile tatu. Barua ilikuwa juu ya kabati, na kila asubuhi nilichukua kofia yangu pembeni yake.

Kuna jambo jingine. Vidonge havimezi. Anampa yule mzee uliyesema amepewa koti. Peleka vingine.

Nenda Masisi, uchukue kiti. Ndani ya hii kuna barua yangu kwake. Kwa mwandiko wake naona macho yake hayaoni vizuri tena, msomee wewe, yote kama ilivyo. Usipunguze.

Télesphore

*

Lubumbashi, 11 Agosti 1975

Papa,

Sikuruhusu. Donatille hakuniomba, kwa sababu hakuna kilichohitaji ruhusa. Alikupima kiti. Fundi wa Kashihe hatengenezi bila kipimo. Muganga hakutuambia neno lolote ambalo hakukuambia wewe.

Barua yako niliipata tarehe 19 Julai. Haikuchelewa. Sikuifungua kwa siku ishirini na tatu. Niliogopa kwamba utaniuliza tena kuhusu maziko ya Mama. Kuhusu hilo pia ukweli ni huu: nafasi kwenye ndege ilikuwepo. Sikutaka kumwona ndani ya sanduku, nikasema nafasi hakuna.

Uliniuliza kitu kimoja, mimi nikakuacha bila jibu mpaka ukaenda zako. Naomba unisamehe, na ukishindwa, nitumie neno hilo hilo.

Mtoto wako,
Télesphore

*

Goma, 7 Septemba 1975

Yaya Télesphore,

Telegramu niliyokupigia ilisema machache. Papa alikufa Jumatano tarehe 27 Agosti, saa tano asubuhi. Amezikwa kando ya Mama. Nakuandikia mengine kwa mpango, kwa sababu ni haki yako kuyajua.

Barua zako mbili zilinifikia tarehe 15. Kesho yake Kitwana aliacha kupakia chumvi, akapakia kiti na mimi. Njiani nilisoma barua yako kwa Papa mara mbili, na mara ya tatu nilimsomea Kitwana, kwa sababu sikujua nitaisomaje mbele ya Papa bila kuzuiwa na sauti yangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza kitu kimoja tu, kama ni kweli Zéphirin aliifikisha tarehe 19. Nilisema ndiyo. Akasema, "Minafurahi alifikisha."

Papa alikuwa amelala katika nyumba ya zamani. Tumbo pia lilikuwa limevimba. Nilimwambia habari ya kamba mlangoni, kabla sijamwamkia. Kitwana alikiingiza kiti, tukamwinua, tukamkalisha. Kichwa kilifika mahali pa kuegemea, magoti yalikaa sawa. Alishika mikono ya kiti, akaipapasa yote miwili mpaka mwisho.

"Hiki ni cha kukaa," akasema.

"Ni cha kukaa, Papa."

"Na mimi katekista muzima nimekimbia kiti."

Alicheka mpaka akakohoa. Mimi nililia, akaniambia nisilowanishe mianzi mipya. Kisha akafuta macho, na nilijua anakoelekea. Akaniuliza: "Na Télesphore? Mbona hakunijibu?"

Barua yako ilikuwa kwenye kikapu changu. Nilishatia mkono. Kitwana alikuwa bado amesimama karibu na mlango, kofia mkononi. Alipiga goti.

"Muzee, unisamehe. Ile barua ulinipatia, mimi njo nilipoteza. Kifungo ya mufuko ilikatika. Niliona haya kukuambia."

Sikuwa nimemwomba. Naandika tena ili uelewe: sikumwomba, wala kumwashiria. Kabla sijafungua mdomo Papa alikuwa ameshaanza naye.

"Wewe mutu wa Maniema. Chumvi unabeba miaka tisa hakuna hata konzi inayomwagika. Barua yangu moja njo inaanguka."

"Njo ilianguka, muzee."

"Na mutoto wangu kule hajui kitu."

"Hajui kitu, muzee. Kosa ni yangu."

Papa alimwekea mkono kichwani, akamwambia ainuke. Uso wake ulikuwa umebadilika. Siku ile alikula ugali, mara ya kwanza kwa siku nne.

Aliishi siku kumi na moja. Nilimpa vidonge kila asubuhi, nikimwangalia mpaka ameze. Muuguzi wa huko alihesabu akasema siku thelathini na nne bila dawa hazirudishwi. Mchana tulimtoa nje na kiti chake, watu wakaja kutoka vilima vyote kumwamkia, naye Papa akamsimulia kila mmoja. Ilikuwa hadithi yake nzuri kuliko zote alizopata kusimulia. Alianza na kamba, akafika kwenye lori la ng'ombe, wakacheka, kisha akamalizia na Kitwana aliyepoteza barua. "Mutoto wangu angejibu siku ile ile," aliwaambia. "Dereva njo alipoteza." Alikufa akimlaumu dereva, na alikufa ametulia.

Barua yako sikumsomea. Ulisema nisipunguze, nami sikupunguza, sikusoma kabisa. Usinishukuru. Sikufanya hivyo kwa ajili yako. Ipo ndani ya bahasha hii, nakurudishia. Uliyoyaandika kuhusu Mama nayajua sasa, na siku nikiweza tutayasema. Leo siwezi.

Lililobaki ni hili. Watu waliomsikia Papa ni wengi, na wengine wote wamesikia kutoka kwao. Jumatatu iliyopita Kitwana alipita Masisi, Kashihe na Sake. Hakuna aliyempa barua. Mama mmoja alikuwa ameshika bahasha mkononi, alipomwona ndiye yeye akairudisha ndani ya kitambaa chake akasema atangoja gari lingine. Aziza ndiye aliyenieleza. Yeye haijui habari yote, mumewe hajamwambia. Anamuuliza ni barua ya nani iliyompotea, naye anasema ni ya zamani. Ule utani wake wa kuoana upya ameacha kuusema.

Nilimwambia Kitwana nitakwenda kwa watu niseme ukweli. Alikataa. Alisema alimpa mzee neno lake, na mimi sina ruhusa ya kulirudisha. Nilimuuliza nani ana ruhusa. Alisema, "Mwenye barua."

Kwa hiyo wewe umekuwa ukitafuta wa kumwomba msamaha, na yupo. Nyumba yake ni ya tatu kutoka kwangu. Jumapili gari lake halibebi mzigo, anakaa anafunga matairi. Usimwandikie. Panda ndege, nafasi iwepo au isiwepo, ufike naye Sake siku ya soko, usimame mbele ya watu useme barua ilikufikia tarehe ngapi.

Donatille